Kwa Mama Mkwe, Kuhusu Wale Sisimizi

Mpendwa Mama Mkwe,

Nimeanza barua hii mara tatu na kuiacha, maana kalamu yangu haijazoea kukusemesha moja kwa moja. Katika miaka yote tuliyokaa kiwanja kimoja hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nilizungumza nawe ana kwa ana siku moja tu, na siku hiyo tulikuwa tumebeba kitanda.

Nakuandikia kwa sababu wiki hii jirani yetu mpya, mama kijana aliyetoka Uvira na watoto wake wawili, alinijia akiuliza: "Mwalimu, shiye tufanye nini na bile bidudu bidogo? Bimemaliza sukari, sasa biko naingia mu bunga." Nikaketi kumweleza, na unajua nikianza kueleza. Nilipofika katikati nikagundua kwamba simwelezi tena habari za sisimizi, namweleza habari zako. Alikwenda zake akicheka, nami nikabaki na maneno mengi mdomoni. Basi nayaleta kwako. Na mwingine anayetaka kusoma asome, huenda naye ana sisimizi.

Kwanza niwaeleze hao wengine jambo moja. Kwetu Kivu, mwanamume na mama wa mkewe hawaketi mkeka mmoja, hawali sahani moja, na kamwe mmoja haingii chumba anacholala mwenzake. Vijana wanaozaliwa hapa hudhani ni ugomvi. Hapana. Ni heshima, na heshima hutaka nafasi. Kule milimani nafasi ilikuwepo, nyumba yako ingekuwa ng'ambo ya kijito na tungepungiana mikono kwa mbali tukapendana sana. Hapa tulipewa kiwanja ambacho ukipiga chafya upande huu, wa upande ule anakuombea afya. Wewe ulikuwa mjane, Esperance alikuwa mwanao wa pekee, na kukuacha ukae peke yako haikuwezekana. Ndipo ukatoa shauri la nyumba moja ndefu, ukuta wa udongo katikati, mlango wangu ukitazama barabara na mlango wako ukitazama migomba.

Esperance alikuwa mjumbe wetu. Alipokuwa hayupo, ulizungumza na ukuta.

"Weye ukuta," ulikuwa ukisema asubuhi, "ambia mwalimu mbuzi ya jirani iko nakula maharagi yake."

"Ukuta," nami nikajibu nikitafuta viatu, "mwambie Mama asante."

"Ukuta, ambia mwalimu asante haifukuzi mbuzi."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na niseme wazi kwamba sijapata kuzungumza na mtu aliyenichekesha kama ukuta ule.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Unakumbuka Esperance alivyoshika mimba baada ya miaka kumi na minne ya ndoa, wakati hata pasta alikuwa ameacha kutuombea kwa sauti na kuanza kutuombea kimoyomoyo ili asituaibishe. Mtoto akaja kabla ya miezi yake kutimia. Tulimkimbiza mama yake Mbarara, na huko Riziki akazaliwa, mdogo kiasi kwamba nesi aliponipa nimshike niliogopa kupumua. Walikaa hospitalini wiki nyingi. Jumatatu moja nilikwenda kuwaona, nikaambiwa mambo yakienda vizuri wataruhusiwa Ijumaa.

Nesi aliniuliza habari za nyumba. Sakafu ni ya nini? Ya udongo. Kuna wadudu? Nikasema kweli, kwamba mvua zilipoanza sisimizi walikuwa wameingia, wale wadogo wekundu, na kwamba niliwakuta hata ndani ya furushi la nguo za mtoto.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mke wa askari wa kambi ya jeshi pale Mbarara, mama mcheshi aliyekuwa amejifungua mapacha. Akadakia: "Mzee, hiyo mambo ndogo. Wewe nunua dawa ya kopo, piga tu, shiii! Kesho hakuna. Kule barakisi sisi napiga kila mwezi."

"Pole bambi, mzee, usisikie huyu," nesi akasema. "Mapafu ya mtoto bado kabisa. Hapana dawa ya kupuliza, hata harufu yake hapana. Na sisimizi pia hapana. Mimi nimeona mtoto ameumwa na hiyo midudu usiku mzima, mama iko nalala. Wewe safisha nyumba, ndiyo unachukua mtoto."

Nikatoka hospitali na siku nne mkononi. Gari la kurudi kwetu, la Rwekubo, lilikuwa limejaa mno, na abiria wenzangu walishangaa kumwona mzee mwenye koti akiwauliza mmoja mmoja wanavyofukuza sisimizi kwao. Mmoja alisema karafuu. Mwingine alisema maji ya pilipili. Mmoja akasema kuhama.

Jioni hiyo niliuambia ule ukuta kila kitu. Nawe ukasema: "Ukuta, ambia mwalimu tutaziondoa. Mujukuu wangu hataumwa."

Jumanne nilianza kwa chaki. Hii ni dawa ya walimu, na ina sababu yake: unga wa chaki huvuruga harufu ambayo sisimizi huifuata, na miguu yao hawapendi kuipitisha juu ya vumbi. Nikachora mstari mnene mlangoni, kuzunguka kitanda, kuzunguka kabati. Ulisikia mkwaruzo wake.

"Ukuta, mwalimu iko nafanya nini?"

"Anachora mistari ya chaki, Mama. Sisimizi hawavuki."

"Ah. Basi bikikaa chini, aite majina. Ambaye hayuko, amuandike."

Hawakuvuka kwa muda wa saa moja. Halafu mmoja akapata mahali ambapo chaki ilikuwa imekatika kwenye ufa wa sakafu, akawaita wenzake, na nikawatazama wakipita hapo mstari mmoja kama wanafunzi wanaotoka darasani.

Ndipo ukaanza kunifundisha dawa zako. Majivu ya kuni, uliniambia, nimwage kavu, kwa maana majivu yaliyolowa ni uji tu. Ukasema nichanganye sukari na magadi yale ya kupikia maharage, nusu kwa nusu, niweke vijungu vidogo njiani mwao wapeleke wenyewe nyumbani. Kisha ukasema habari ya ndimu, kwamba maji ya ndimu yanafuta njia zao. Yote ni kweli. Ila hukusema kipi kinatangulia, na mimi sikuuliza.

Hapa ndipo ilipo aibu yangu. Kwa desturi yetu mama mkwe haulizwi jambo mara mbili, ni kama kumwambia hakusema vizuri. Mimi niliyewapigia watoto kelele miaka thelathini, "Usipoelewa, nyoosha mkono," sikunyoosha mkono. Nikaweka vijungu vya sukari na magadi kila kona, na mara hiyo hiyo nikachukua kitambaa na ndimu sita, nikasugua sakafu yote mpaka nyumba ikanukia kama kachumbari.

Wanaonisoma waelewe nilichokifanya. Sisimizi haoni mbali, hutembea kwa kunusa. Aliyepata chakula huacha harufu chini, wenzake wanaifuata hadi chakula, na wote wanarudi kwa harufu hiyo hiyo hadi kiota. Ukiweka chambo, acha njia yake, kwa sababu unataka wakibebe wakakipeleke kwa malkia wao. Mimi niliwawekea karamu, halafu nikafuta barabara. Waliokuwa ndani ya nyumba wakapotea njia ya kurudi. Badala ya mstari mmoja nikapata mistari kumi na miwili, mmoja ukipanda mguu wa kitanda, mmoja ukiingia kwenye redio, na mmoja, Mungu anisamehe, ukipanda mguu wangu.

Uliposikia ninavyoruka ukauliza ukuta kuna nini. Nilieleza. Nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwako, kicheko kirefu cha tumboni, kile cha mtu aliyejaribu kukizuia akashindwa.

"Ukuta," ulisema ukihema, "huyu ndiye alisomesha watoto ya watu?"

Jumatano nilifanya kazi niliyopaswa kuanza nayo. Sikuua mtu. Niliketi kwenye kigoda na punje moja ya sukari chini, nikatazama. Mzazi yeyote anayesoma haya, tafadhali ashike hili kuliko yote mengine: usianze na dawa, anza na kigoda. Aliyebeba chakula ndiye atakayekuonyesha kwao. Niliwafuata wabebaji kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Nje hawakwenda. Walifuata ukingo wa sakafu, wakapita nyuma ya kabati, wakafika kwenye ukuta wetu, wakaingia chini yake.

Walikuwa wakienda kwako.

Sasa nikuulize, Mama, ningesemaje? Kumwambia mama wa mke wangu kwamba wadudu wanatoka chumbani kwake ni kumwambia nyumba yake ni chafu. Nilikaa kimya Jumatano nzima. Nilimwaga majivu zaidi, nikikohoa kwa nguvu ili usikie kwamba kazi inaendelea. Na upande wako nilisikia maji yakimwagwa, ufagio ukienda na kurudi, kitu kikiburutwa kidogo na kuachwa. Nilidhani unafanya usafi wa kumpokea mjukuu.

Alhamisi asubuhi simu ikalia.

"Baba Riziki," Esperance alisema, "kesho banatuachilia! Nyumba iko tayari?"

"Iko tayari," nikamdanganya, nikimtazama sisimizi mmoja akipita juu ya simu.

Nilikata simu. Nikaona heshima ya namna hii itamdhuru mtoto, na mtoto huyo tulimngoja miaka kumi na minne.

"Ukuta," nikasema, "nina neno gumu. Sisimizi hawa nimewafuata tangu jana. Wanapita chini yako." Nikangoja. "Ukuta, sisemi kwamba chumba cha Mama ni kichafu."

Ulijibu kwa sauti ndogo.

"Ukuta, ambia mwalimu miye najua tangu Jumatatu. Biko chini ya kitanda yangu. Nilipata haya."

Mama, wewe ulipoteza siku tatu na mimi siku moja tukijua jambo lile lile, kila mmoja akimlinda mwenzake asione aibu! Hata leo nikilikumbuka nacheka peke yangu.

Shida ilikuwa kitanda. Kilikuwa kile cha magogo ya mkaratusi ambacho fundi wa Rwekubo alikitengeneza kana kwamba kinakwenda vitani. Mgongo wako haukuweza kukisogeza ila kidogo tu, na ndicho nilichosikia kikiburutwa siku iliyotangulia. Majirani wote walikuwa wamekwenda Rugaaga kuwasaidia ndugu wa kanisa kuvuna. Nilikuwa bado nawaza nani wa kuita, nikasikia mlango wako ukifunguka, hatua zikizunguka nyumba, na kivuli kikasimama mlangoni pangu.

"Mwalimu."

Nikasimama kama nimeitwa na mkaguzi wa shule. "Naam, Mama."

"Nimefunika kila kitu na kitenge. Kuya tubebe kitanda."

"Mama, na desturi?"

"Desturi itatungojea hapa inje. Yenyewe haina mutoto ku lopitali."

Nikaingia chumbani kwako nikitazama dari. Wewe ukashika upande wa kichwani ukitazama dirisha. Tukakinyanyua.

"Angalia kule!" ukaamuru.

"Naangalia kule, Mama."

"Miye pia naangalia kule. Sasa nani anaangalia mulango?"

Hakuna aliyeuangalia. Tuligonga nguzo ya kulia, tukarudi nyuma, tukagonga ya kushoto, na udongo mwingi ukanimwagikia kwenye upara. Mwishowe ukasema, "Mwalimu, Mungu anaona shiye ni wazee. Geuka." Tukageuka, tukatazamana, na kitanda kikatoka mara moja. Nilikuona uso kwa karibu siku hiyo. Esperance ana macho yako. Sikuwahi kujua.

Chini ya pale kitanda kilipokuwa, kwenye shimo dogo ulilochimba na kulifunika kwa kipande cha turubai, palikuwa na kidumu cha asali. Kifuniko chake kilikuwa kimepasuka, na sisimizi walikuwa wamekifunika hata rangi yake haikuonekana. Pembeni ya shimo palikuwa na kiota chao.

"Ni ya uji ya Esperance," ulisema bila kunitazama. "Asali ya Ngarama. Tangu mimba ilipoonekana niko naificha. Niliogopa mutu ataikula."

"Mtu gani, Mama?"

"Mu nyumba hii tuko batu batatu. Miye sikuli. Esperance hakujua. Hesabu, mwalimu."

Nikahesabu. Asali na mimi tuna kesi za zamani.

Kazi iliyobaki tuliifanya kwa utaratibu, wewe ukiamuru na mimi safari hii nikiuliza kila kitu mara mbili, hata tatu, nawe ukijibu kila mara. Tuliondoa chakula kwanza. Asali tukaichemsha, tukaichuja kwa kitambaa safi, tukaitia kwenye chupa yenye kizibo na chupa tukaisimamisha katikati ya sahani ya maji. Kisha ukachemsha sufuria kubwa ya maji na sabuni na konzi mbili za chumvi, nikaimwaga shimoni polepole, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, kwa sababu malkia hukaa ndani kabisa na mtu mwenye haraka humkosa. Tukajaza shimo majivu makavu, tukashindilia udongo juu yake, nawe ukapiga magoti na mgongo wako ule ukasiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe hadi ikawa laini kama kibao. Kiota kilipokwisha ndipo tukatumia ndimu, kufuta njia zote zilizobaki. Mwisho, miguu ya kitanda atakacholala mtoto tukaitia ndani ya makopo ya samaki yenye maji na tone la sabuni. Nilikueleza kwamba sabuni huulegeza uso wa maji, ndiyo maana mdudu mwepesi huzama badala ya kuelea.

"Miye nilijua inawazamisha," ukasema. "Sababu ni ya kwako."

Jioni tuliketi nje, wewe kwenye jiwe lako na mimi kwenye kigoda, tukitazama sakafu kupitia mlango uliokuwa wazi. Nilidondosha punje ya sukari pale pale walipokuwa wakipita. Tukangoja. Hakuna aliyekuja. Ulianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, nami nikaingia sauti ya pili, na hakuna aliyesema lolote kuhusu desturi.

Ijumaa gari liliposimama barabarani, Esperance akashuka na lile furushi dogo kifuani. Alituona tumesimama wawili, mlango mmoja, bega kwa bega. Akasahau hata kusalimu.

"Kuna msiba?" aliuliza.

Usiku ule Riziki alilala kwenye kitanda chenye makopo, na asubuhi nilimkagua kidole kwa kidole. Hakuwa na alama hata moja.

Siku chache baadaye nilikuletea kuku, kama inavyompasa mkwe aliyevuka mpaka, niombe radhi kwa kuingia mahali pako. Ulimpokea kwa mikono miwili ukitazama pembeni, ukampika, ukanirudishia paja kupitia kwa Esperance. Na kabla sijalimaliza nikasikia: "Ukuta, ambia mwalimu chumvi imetosha?" Nikajua tumerudi nyumbani. Tuliishi hivyo hadi mwisho wako, na sikupata hata mara moja kutamani iwe vinginevyo.

Ila kuna kitu kilibaki. Siku tulipokuzika nilisimama mbali, kama inavyompasa mkwe. Wengine walisogea wakasema maneno yao ya kuaga. Mimi yangu nilirudi nayo, na nimekaa nayo hadi leo. Yalikuwa haya tu: asante, Mama. Asante kwa kuja mlangoni pangu. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa, na aibu yako ilikuwa kubwa kuliko yangu, lakini wewe ndiye uliyetembea.

Sasa nikupe habari. Riziki ana miaka kumi. Ni mwembamba bado, ana jino moja lililong'oka na hataki kulitupa, na hesabu zake ni nzuri akipenda. Mwaka huu tulimrudisha Mbarara kupimwa kifua, mama yake akisema ni kwa uhakika tu. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, akauliza kama anachoka akikimbia. Riziki akamjibu kwamba wanaomkimbiza ndio wanaochoka.

Jumapili iliyopita kwaya ya watoto ilimpa aanzishe wimbo. Aliuanza juu mno, Mama, juu kuliko inavyowezekana, na hakushuka. Wenzake walimfuata wakihema. Mwalimu wa kwaya alimpungia mkono apunguze, Riziki akafumba macho asimwone. Esperance akanifinya mkono hadi ukauma. Na nje, barabarani, vijana wa bodaboda wakazima pikipiki zao ili wasikie huyo ni nani.

Mkweo,
Baba Riziki